Pesa za Kuzuia Kipigo Ziko Mfuko Gani?

Kwenye kikao cha bajeti kilichofanyika katika ukumbi wa kijamii wa wadi moja hapa Nakuru, mama aliyeketi karibu na mlango aliinua mkono, akangoja zamu yake kwa muda mrefu, kisha akasimama. "Mama Kaunti alitupatia hema na viti, tunashukuru. Choo cha soko kimejengwa, tunashukuru pia. Lakini mimi nauliza, zile pesa za kuzuia wanawake wasipigwe ziko mfuko gani?" Mama Kaunti ndivyo watu walivyozoea kumwita mwakilishi wa wanawake wa kaunti bungeni. Ofisa wa kaunti alimjibu kwa heshima kwamba mambo ya usalama ni ya serikali ya kitaifa. Wiki mbili baadaye yeye na wenzake wawili wa chama chao, yaani kikundi chao cha kina mama, walipanda matatu hadi ofisi ya serikali ya kitaifa. Huko nako wakaambiwa, kwa heshima vilevile, kwamba mambo ya kina mama mashinani ni ya kaunti.

Makala haya yametokana na safari hiyo ya bure. Waliomjibu mama yule hawakumdanganya. Kila mmoja alimpa nusu ya ukweli, na nusu hizo mbili hazina ofisi moja zinapokutana.

Kazi isiyo na mwenyewe

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa dola au kwa mtu binafsi. Maneno hayo ya mwisho ni mazito, maana yanaingiza jikoni, chumba cha kulala na kichochoro ndani ya wajibu wa serikali. Sheria za kusimamia wajibu huo tunazo: ya makosa ya ngono ya 2006, ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011, ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani ya 2015. Kwa sheria hatujapungukiwa.

Tatizo linaanza kwenye Jedwali la Nne la Katiba, lile linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Ukilisoma kutoka juu hadi chini hutalikuta neno jinsia likiwa limekabidhiwa upande wowote. Polisi, mahakama, shule za msingi na za sekondari ni za taifa. Hospitali za kaunti, masoko, taa za barabarani, chekechea na leseni za pombe ni za kaunti. Ukatili haujui mgawanyo huo. Taa ikizimika kwenye njia ya kutoka stendi hadi mitaa ya Rhonda au Kaptembwa hapa Nakuru, wa kuiwasha ni kaunti, lakini askari wa kupiga doria gizani ni wa taifa. Baa inayouza tangu asubuhi imepewa leseni na kaunti, na kesi itakayozaliwa na ulevi huo itasikizwa na hakimu wa taifa. Chifu anayesuluhisha ugomvi wa shamba analipwa na taifa, ilhali daktari atakayemshona mwanamke ugomvi huo ukishindikana analipwa na kaunti.

Kwa sababu hiyo, kushughulikia matokeo kuna wenyewe: dawati la jinsia kituoni ni la polisi, matibabu ni ya hospitali, mashtaka ni ya waendesha mashtaka. Kila mmoja ana kasma yake, yaani fungu lake la pesa, kwenye bajeti. Kuzuia, yaani kazi ya kuhakikisha kofi halirushwi kabisa, kumebaki katikati kama mtoto wa ndoa iliyovunjika, kila mzazi akisema yuko kwa mwenzake.

Na ukubwa wa jambo lenyewe si wa kuachwa katikati. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulipata kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Huko Bungoma, waliowahi kupigwa ni asilimia 62, idadi iliyoongoza nchi nzima. Mwezi Septemba 2024 mkimbiaji wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka kushiriki mbio za marathoni kwenye Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa huko Endebess, kaunti ya Trans Nzoia, akafia hospitalini Eldoret siku chache baadaye. Ripoti za wakati huo zilitaja mzozo wa kipande cha shamba. Namtaja kwa sababu mzozo wa shamba si jambo la siri kijijini. Majirani huujua, mzee wa kijiji huujua. Kati ya siku ugomvi unapojulikana na siku petroli inaponunuliwa kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo mama yule aliyokuwa akiiulizia pesa.

Mifuko iliyopo na masharti yake

Mfuko ambao wanawake wa mashinani wanaujua zaidi ni ule wa NGAAF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa kuinua wanawake na makundi yaliyoachwa nyuma, ulioanzishwa 2015 chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma, na unaofika kila kaunti kupitia kwa mwakilishi wa wanawake bungeni, Mama Kaunti. Pesa zake ni za taifa, ingawa mtu anayezigawa anaonekana kama kiongozi wa kaunti. Hapo ndipo wengi huanza kupotea njia. Ukienda kwa gavana kuulizia NGAAF, umebisha mlango wa jirani.

Kikundi kinachotaka kuomba lazima kwanza kiwe kimesajiliwa kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022, kiwe na akaunti ya benki, viongozi na kumbukumbu za mikutano. Mfuko huu unaruhusiwa kugharamia mambo mapana: makao salama ya manusura, elimu ya uraia, karo, miradi ya kuinua mapato. Mbona basi tunaona mahema, viti, matangi ya maji na mashine za kusaga? Sababu moja ni ya kisiasa: hema hupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Sababu nyingine ni yetu wenyewe, na lazima tuiseme. Vikundi vingi huomba kitu kinachoshikika, kwa kuwa kitu kinachoshikika kinaweza kukodishwa harusini Jumamosi na kuleta hela. Ombi la kulipia mwaka mzima wa mazungumzo na wanaume wa stendi ya bodaboda ni nadra kuandikwa. Lisipoandikwa, hakuna wa kulikataa wala wa kulikubali.

Kuna Hazina ya Biashara za Wanawake, iliyoanza 2007, na Hazina ya Uwezo iliyofuata. Hizo ni za mikopo. Hazina ubaya wowote, lakini mkopo hurudishwa, na mtu anayezunguka nyumba hadi nyumba akisuluhisha na kuelimisha hana faida ya kurudisha. Nimeona kikundi kikichukua mkopo wa biashara, kikitumia sehemu yake kuendesha semina za kupinga ukatili, kisha kikishindwa kulipa na wanachama kugeukiana. Mkopo na ruzuku ni wanyama wawili tofauti, hata kama vyote vinaitwa "pesa za kina mama".

Hata hivyo biashara yenyewe yaweza kuwa kinga. Kule Nduru Beach, Nyakach, kaunti ya Kisumu, kina mama wachuuzi wa samaki walichoka na desturi ya jaboya, ambapo mvuvi humuuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Kuanzia 2011 walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi wa kiume. Mwanamke mwenye mashua hana sababu ya kumbembeleza mtu ufuoni. Ila pesa za mashua hizo zilitoka Marekani, kwa mpango wa kupambana na ukimwi na kwa wafadhili binafsi. Ziwa lilipofurika 2020 likameza kijiji, hakukuwa na kasma ya serikali iliyokuwa ikingojea kununua mashua nyingine.

Utegemezi huo wa nje uligusa eneo lote la ziwa. Mpango wa DREAMS, uliofadhiliwa na Marekani, uliwakusanya wasichana na wanawake vijana wa Kisumu, Siaya na Homa Bay kwenye vikundi vya kujilinda, kusoma na kuanzisha biashara ndogondogo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada ya nje, miradi mingi ya aina hiyo ilisimama katika muda wa siku chache. Hapo ndipo wengi wetu tulipogundua kwamba kazi tuliyodhani ni ya serikali ilikuwa ikiendeshwa na mlipa kodi wa nchi nyingine.

Serikali yetu nayo imewahi kuahidi. Mwaka 2021, kwenye kongamano la usawa wa kizazi mjini Paris, Kenya iliahidi kuongeza fedha za kuzuia na kushughulikia ukatili wa kijinsia hadi dola milioni 50 kufikia 2026. Novemba 2024, baada ya polisi kutangaza kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa kati ya Agosti na Oktoba, Rais William Ruto alitangaza shilingi milioni 100 za kampeni dhidi ya mauaji hayo. Nilichukua kikokotoo. Ukizigawa sawa kwa kaunti 47, kila kaunti inapata takriban shilingi milioni 2.1. Nakuru ina wadi 55. Ukiendelea kugawa, kila wadi inabaki na shilingi elfu 39 hivi, na hizo ni za mara moja tu.

Matofali yana kasma, watu hawana

Sasa tufike kwenye fundo ambalo sijasikia likifunguliwa kwenye mikutano ya hadhara. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake, kwa kipindi cha muda wa kati, kwa matumizi ya maendeleo. Sehemu inayobaki ni ya matumizi ya kawaida: mishahara, mafuta ya gari, karatasi, umeme. Nia ya kanuni hiyo ni njema, inazuia kaunti kumaliza kila kitu kwa mishahara. Lakini angalia inavyofanya kazi kwa suala letu. Jengo la makao salama ni maendeleo. Mshauri nasaha atakayekaa ndani ya jengo hilo, mlinzi wa usiku, unga wa watoto walioletwa na mama yao saa nane za usiku, hayo yote ni matumizi ya kawaida. Na mtu wa mtaa anayelipwa posho kidogo ya kuzungumza na familia kabla mambo hayajaharibika naye huhesabiwa upande huo huo, ambako tayari kuna foleni ya wauguzi na walimu wa chekechea wanaodai mishahara.

Ndiyo maana unaweza kukuta jengo lililozinduliwa kwa ngoma na utepe likiwa limefungwa kufuli mwaka mmoja baadaye. Aliyelijenga si lazima awe ameiba. Alikuwa na kasma ya matofali bila kasma ya watu. Nikimsikia mwanasiasa akituahidi kituo kipya cha manusura, swali langu la kwanza ni mishahara ya watakaofanya kazi humo itatoka fungu gani, na mwaka wa pili je?

Kuzuia kuna shida yake ya ziada: kipigo ambacho hakikutokea hakina risiti. Mkaguzi wa hesabu anaweza kuhesabu viti na kupima ukuta. Atahesabu vipi ndoa ambayo mwanamume alitoka nje akapunga upepo badala ya kuinua mkono? Ofisa wa fedha anayeogopa swali la ukaguzi atachagua kitu kinachohesabika, na mtu mwoga wa ukaguzi hatumlaumu.

Lakini kuzuia kunapimika, na ushahidi uko karibu nasi. Jijini Kampala, kati ya 2007 na 2012, shirika la Raising Voices na wenzake walijaribu mbinu waliyoipa jina la Kiswahili, SASA. Jamii nane zilichaguliwa, nne zikaanza na nne zikangoja ili kulinganishwa. Walioendesha kazi walikuwa wanawake na wanaume wa mtaa wenyewe, wakisaidiana na viongozi wa eneo, polisi na wahudumu wa afya. Hawakuanza kwa kumshutumu mwanamume. Walianza na mazungumzo kuhusu uwezo: nani anao nyumbani, anautumiaje, na angeweza kuutumia vipi vingine. Katika jamii zilizopata mpango huo, kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko kule kulikongoja.

Hapo pana jambo moja ambalo bajeti yetu haijalizoea. Kazi ile ilichukua karibu miaka 3. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na mara nyingi pesa hufika zikiwa zimechelewa. Kikundi kinapewa fedha mwezi Machi na kuambiwa kimalize kabla ya Juni. Kwa miezi mitatu utafanya nini zaidi ya semina mbili hotelini, fulana na bango? Kisha mwaka unaofuata inaonekana kwamba "uhamasishaji" haukubadilisha lolote, na pesa zinahamishwa. Uhamasishaji wa siku mbili haukubadilisha lolote ni kweli. Lakini huo haukuwa kuzuia.

Nani basi angeifanya kazi ya miaka 3 bila kaunti kuajiri jeshi jipya? Wahudumu wa afya ya jamii wapo tayari. Tangu 2023 takriban laki moja wametawanywa nchini, kila mmoja akihudumia nyumba mia moja hivi, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi inagawanywa nusu kwa nusu kati ya taifa na kaunti. Hiyo ni moja ya sehemu chache ambapo serikali hizi mbili zinalipa mtu mmoja kwa kazi moja. Mhudumu huyo anaingia nyumbani, anapima presha, anaona jicho lililovimba, anajua nani ameanza kunywa tangu afutwe kazi kwenye shamba la maua. Kumpa mafunzo ya kutambua hatari na namba ya kupiga, 1195 kwa ukatili wa kijinsia au 116 kwa mtoto, hakuhitaji tofali hata moja. Kunahitaji mafunzo, usafiri, na posho ya ziada inayolingana na mzigo, kwa sababu kumrundikia kazi mtu anayepata 5,000 nako ni dhuluma.

Bei ya kutozuia, kwa anayeulizia, inajulikana. Tume ya kitaifa ya jinsia na usawa ilikadiria 2016 kwamba ukatili wa kijinsia unaigharimu Kenya shilingi bilioni 46, kama asilimia 1.1 ya pato la taifa. Na Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamuru manusura wanne wa ukatili wa kingono uliofuata uchaguzi wa 2007 walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja, kwa kuwa serikali ilishindwa katika wajibu wake kwao. Sisi wa Nakuru na Naivasha tunaukumbuka msimu ule bila kusimuliwa.

Kwa nini swali lilikuja likiwa limechelewa

Mama yule aliuliza swali sahihi siku isiyo yake. Kikao alichohudhuria kilikuwa cha makadirio ya bajeti, ambayo sheria inataka yafike bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Kufikia wakati huo viwango vya kila idara vimeshawekwa kwenye taarifa ya sera ya fedha, inayopaswa kuwasilishwa kabla ya Februari 28. Na miradi yenyewe ilishaorodheshwa kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, uliotakiwa kufika bungeni kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, miezi kumi kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Anayeleta wazo jipya mwezi Aprili ni kama anayeleta nyama wakati wali umeshapakuliwa.

Juu ya hayo yote kuna mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ule wanaouita CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sheria ya serikali za kaunti inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mipango iliyoidhinishwa, kwa hivyo jambo lisiloonekana humo huhangaika kupata pa kuingilia. Mpango unaofuata utaandikwa joto la uchaguzi wa 2027 likiwa bado juu, wakati kila mgombea anatafuta sentensi ya kuahidi. Kwangu mimi huo ndio mlango mkubwa kuliko wote, na sentensi ya kuingiza si "kupambana na ukatili". Hiyo ipo tayari kwenye karatasi nyingi na haimfungi mtu. Sentensi yenye meno inataja programu ya kuzuia kwa jina, wadi itakakoanzia, miaka 3, idadi ya watu watakaolipwa posho, na idara itakayojibu bunge la kaunti likiuliza. Vilevile inakubali kuingia kwenye fungu ambalo lipo: masharti ya leseni za baa, taa za njia za soko, mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii. Idara ya jinsia katika kaunti nyingi imefungwa kifurushi kimoja na michezo, vijana na utamaduni, na ukiingojea peke yake utapewa kilichobaki baada ya mashindano ya kandanda.

Si lazima mtu aamini maneno ya ofisa. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuandika barua kuomba nakala ya bajeti au orodha ya vikundi vilivyofadhiliwa, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Barua hiyo haihitaji wakili. Inahitaji tarehe, jina la waraka unaoutaka, na nakala ya kugongewa mhuri wa kupokelewa.

Chama cha mama yule kilikutana Jumamosi moja baada ya mazishi ya jirani yao kukifanya kisubiri wiki mbili. Waliketi kwenye viti vile vya msaada, chini ya hema lile, mvua ikinyesha. Barua ilikuwa kurasa mbili. Wa kwanza uliomba wajulishwe ni kiasi gani kilitengwa kuzuia ukatili katika wadi yao kwa miaka mitatu iliyopita, na kilitumika kwa lipi. Wa pili ulikuwa pendekezo la mpango wa mwaka ujao: wawezeshaji kumi wa mtaa, wanaume watano na wanawake watano, nauli, simu, mafunzo, na kikao cha kila mwezi stendi ya bodaboda na sokoni. Walibishana sana kuhusu neno la kuwaita wale wanaume watano, wakaacha pengo. Jumatatu barua ilipelekwa, karani akagonga mhuri kwenye nakala zote mbili. Siku 21 zinaisha wiki ijayo.